Mvua Chini ya Ardhi

Jamani, hili hamtaliamini, na mimi siwalazimishi. Mtu anaibiwa kuku. Anaibiwa simu pale stendi akiwa ameishika mkononi kabisa. Wengine wanaibiwa mpaka mume. Lakini umeshawahi kusikia mtu kaibiwa mvua? Zipora wa Ihumwa aliibiwa mvua, tena mvua iliyonyesha chini ya ardhi, na aliyemwibia wanalala kitanda kimoja. Kaa vizuri.

Ilianza na tangazo kwenye grupu la mafundi. Kampuni ya visima pale mjini inatafuta fundi wa pampu za sola, wa kuzunguka vijijini, awe na uzoefu na aweze kuueleza. Nafasi moja. Zipora alimsomea mumewe, Elisha, tangazo lile huku kaishika simu mbali kidogo na uso, maana kioo kilikuwa na ufa katikati. Ndiyo simu pekee iliyobaki nyumbani. Ya Elisha, ile nzuri, ilishauzwa. Hii ya Zipora ilikuwa ya zamani na spika ya sikioni imekufa, ukipigiwa lazima uweke sauti ya juu. Kwa hiyo nyumba ile haikuwa na siri. Akipiga shemeji wa Bahi kuomba nauli, mpaka jirani anajua.

"Tuombe wote wawili," Elisha akasema. "Ndoano mbili, samaki mmoja. Yoyote ikimnasa, si anapikwa sufuria moja?"

"Na wakinichukua mimi wakakuacha wewe?"

Elisha akacheka mpaka akaegemea mlango. "Wakuchukue! Wakikuchukua nitakubebea spana mpaka barabarani."

Elisha alikuwa fundi umeme, Zipora fundi bomba. Tangu waoane walikuwa wanafanya vibarua pamoja, mume kwenye waya, mke kwenye mabomba, na hakuna aliyewahi kukaa chini kuhesabu nani anajua zaidi. Sasa vibarua vilikuwa vimekauka. Kila mtu alikuwa anasema ngoja mvua, ngoja mavuno, ngoja bajeti. Wakatuma maombi, kila mmoja na barua yake, kila mmoja na jina la baba yake: Elisha Mazengo, Zipora Matonya. Namba ya simu ni ile ile moja. Wangeandika ipi nyingine?

Na ndoano zote mbili zikatikisika. Wakaitwa wote siku moja, Elisha asubuhi, Zipora baada ya chakula cha mchana.

*

Basi jioni zile, jua likiwa jekundu kama tope la kufyatulia tofali na vumbi limesimama hewani halitaki kutua, uwanja wa nyumba ukageuka ofisi. Bibi Lea, mama yake Elisha, akakaa kwenye kigoda katikati. Yeye ndiye kampuni. Alijifunga kitenge cha kanisani, akamlaza mjukuu wake Loisi mapajani, akakunja uso.

"Haya kijana, shikamoo yako nimeipokea. Tueleze, unajua nini?"

"Najua pampu, mheshimiwa."

"Pampu watu wote wanazijua. Wewe ulizifanya nini?"

Hapo sasa ndipo shida ilipokuwa. Elisha mikono yake ilikuwa na akili. Mpe waya tatu zilizoungua gizani, atakupa taa. Lakini mwambie aeleze! "Kwanza nilifika," akaanza. "Nikakuta ule waya, si unaujua ule mweusi? Sasa ule nikauchomoa, nikamwambia jamaa shika huku, akashika, mimi nikafanya hivi..." Akazungusha vidole. "Halafu nikafanya hivi. Ikawaka."

"Hivi vipi?" Bibi Lea akauliza. "Mimi kampuni nataka maneno. Hiyo mikono peleka ngomani."

Zipora akacheka mpaka machozi, kisha akamwonea huruma. "Baba Loisi, jifanye unamweleza mtu kwenye simu. Mikono yako hawezi kuiona. Mwambie kilichoharibika, mwambie ulijuaje, ukafanya nini, mwisho ikawaje. Basi."

"Nionyeshe."

"Kwani mimi nimeshindwa?" Zipora akafuta mikono kwenye kanga, akasimama mbele ya kigoda, akaanza. Na hapa mnisikilize, maana hadithi yenyewe ndiyo hii.

"Kijiji kimoja cha Bahi. Pampu inazunguka, jua kali, paneli zinatoa umeme vizuri, lakini bombani hakuna hata tone. Walishakuja mafundi wengine wakasema mota imekufa, inunuliwe mpya. Mimi nikaona mota iliyokufa hailii, na hii inalia. Nikaomba watu wote wanyamaze. Nikalala kwenye nyasi, nikaweka sikio kwenye mdomo wa kisima. Nikasikia mvua. Mvua inanyesha chini ya ardhi, chwaa, chwaa, kama usiku juu ya bati. Nikajua maji yanapanda, ila njiani bomba limetoboka, yanamwagika yanarudi yalikotoka. Tukalivuta bomba juu kipande kwa kipande, tukakuta limesagika kwa kujisugua kwenye ukuta wa kisima. Nikakata pale, nikaunga kipande kipya, nikalifunga vizuizi lisicheze tena. Tukashusha. Jua linazama, maji yakatoka. Mota ni ile ile mpaka leo."

Hata Loisi alikuwa amefungua mdomo. Bibi Lea akasahau kuwa yeye ni kampuni, akasema, "Mh! Mkwe, mimi nimelowa."

Elisha alikuwa ameegemea ukuta, anamtazama mkewe kama mtu anayetazama treni ya umeme inavyopita pale Ihumwa, madirisha yote yanawaka, na yeye hana tiketi. Siku ile ya Bahi hakuwepo. Alikuwa kitandani na malaria, meno yanagongana, na Zipora alikwenda peke yake.

"Rudia," akasema.

Zipora akarudia. Kesho yake jioni akarudia tena. Keshokutwa Elisha akaanza kuisema yeye, polepole, macho kayafumba, na mkewe anamrekebisha. "Usikimbie. Hapo kwenye kunyamaza, na wewe nyamaza kidogo. Sema kama mimi ninavyosema." Na maneno yakawa yanamtoka Elisha yamenyooka, mazuri, mpaka Bibi Lea akawa anaitikia kwa kichwa.

"Ila siku yenyewe weka ya kwako," Zipora akamwambia. "Ile ya shule, kule Chamwino, ulivyobadilisha waya zote."

"Aa, hii nafanyia mazoezi tu," Elisha akasema. "Nanyoosha mdomo."

*

Siku ikafika. Zipora alivaa viatu vya Bibi Lea vya kanisani, vikubwa kidogo, akachomeka magazeti mbele. Alipofika getini, Elisha alikuwa anamngoja pale tangu atoke asubuhi. Aling'aa! Alitembea kama ameongezwa urefu.

"Imekwendaje?"

"Imekwenda, mama Loisi. Maneno yalikuja yenyewe." Kisha akatazama pembeni, akakwangua rangi ya geti kwa kucha. "Ingia, usichelewe. Nitakusubiri hapa kivulini."

Mlinzi akamtazama Zipora kuanzia viatu. "Dada, wa usafi mnapita mlango wa nyuma."

"Nimekuja kwenye usaili. Wa fundi."

"Fundi wa nini? Cherehani?" Akacheka, lakini akafungua. "Pita, pita mama. Siku hizi hatujui nani ni nani."

Ndani kulikuwa na ubaridi ambao Zipora alikuwa ameusahau kama upo duniani. Walimkalisha kwenye kochi linalomeza mtu. Pangaboi juu lilikuwa linazunguka, zito, na dirishani anga la Dodoma jeupe bila hata wingu la kudanganyia, na chini yake kiwanja kitupu ambapo joto lilikuwa linacheza kama maji. Zipora akayatazama yale maji ya uongo. Akaona nyasi za Bahi. Akaona korongo mmoja mweupe amesimama kwa mguu mmoja, anamsubiri amalize kazi. Macho yakawa mazito. Sijui alisinzia ama vipi, ila alipoitwa jina lake alihisi ametolewa kisimani.

Kwenye chumba cha usaili walikuwa wawili mezani. Mama Anjelina, mwenye nywele za mvi zilizokatwa fupi, ndiye mkubwa, na Injinia Castory, mwenye shati lililopigwa pasi mpaka linakata. Zipora akawapa shikamoo. Wakaitikia vizuri tu. Wakamkaribisha maji ya kunywa. Hawakuwa watu wabaya, hili niseme ukweli.

"Zipora," mama Anjelina akasema, "tueleze kazi moja ngumu uliyoifanya kwa mikono yako. Tatizo lilikuwa nini, ulijuaje, ukafanya nini. Usiwe na haraka."

Yaani swali lenyewe lilikuwa limevaa nguo za nyumbani kwao! Zipora alitaka kucheka. Akakaa vizuri, viatu vikacheza miguuni, akaanza. Kijiji kimoja cha Bahi. Pampu inazunguka, jua kali. Alikuwa anaongea na huku anaondoka. Zulia likaota nyasi. Pangaboi la chumba kile likawa mota, ile ile inayolia. Aliomba watu wanyamaze, na kwenye chumba kile na yeye akanyamaza kidogo, kisha akasema taratibu, "Nikaweka sikio kwenye mdomo wa kisima. Nikasikia mvua."

Injinia Castory akaweka kalamu chini.

"Inanyesha chini ya ardhi," akammalizia. "Chwaa, chwaa. Kama usiku juu ya bati."

Zipora akatabasamu kwanza, kama mtu aliyeitwa jina na mgeni. Halafu tabasamu likaishiwa nguvu.

"Dada, hizi mnazisomea wapi?" Castory akauliza. "Kuna mahali wanazigawa? Asubuhi kijana mmoja ametueleza hii hii. Mpaka chwaa."

Asubuhi. Kijana mmoja.

Pangaboi juu likaendelea, chwaa, chwaa, na Zipora akaona kama maji yanamwagika mahali fulani ndani ya ukuta na hakuna anayesikia isipokuwa yeye. Alimwona Elisha getini, urefu wake mpya, kucha yake ikikwangua rangi. Sasa akisema hii ni yangu, maana yake yule wa asubuhi ni mwizi. Akinyamaza, mwizi ni yeye. Hakuna jibu la katikati, na watu wawili wanamsubiri, na magazeti ndani ya viatu yamelowa jasho.

"Zipora," mama Anjelina akasema, sauti imeshuka. "Hii kazi ni yako ama si yako?"

Akafungua mdomo, na kilichotoka hata yeye kilimshangaza. "Ni ya watu wa Bahi, mama. Ndio wanaokunywa."

Castory akacheka. Zipora akatamani kochi la kule alikosubiri lije limmeze moja kwa moja. Akaomba awaeleze nyingine. Wakamruhusu. Akawaeleza kazi ya ile shule ya Chamwino: tangi lilikuwa linavuja kwenye maungio, akafungua yote, akasafisha, akafunga upya, akajaribu kwa maji nusu kabla ya kujaza. Ilikuwa ya kweli na ilikuwa imenyooka. Lakini haikuwa na mvua ndani, na kila neno alilitoa kama anang'oa msumari.

"Na umeme?" Castory akauliza.

"Umeme alishughulikia mwenzangu."

"Mwenzako nani?"

"Fundi mwenzangu tu," Zipora akasema.

Akaulizwa maswali madogo mengine kuhusu mabomba, akajibu. Akashukuru. Akatoka na viatu vikipiga kelele koridoni, pwaa, pwaa.

*

Elisha alikuwa amemnunulia maji ya baridi. Chupa ilikuwa inatoa jasho kwenye mkono wake. "Vipi?"

"Vizuri," Zipora akasema, akanywa yote bila kupumua.

Wakashuka barabara kubwa, wakashika njia ya kwenda nyumbani, ile inayoambaa na reli. Upepo ulikuwa unanyanyua vumbi, unalizungusha, linasimama kama mtu, kisha linakata tamaa linakaa.

"Baba Loisi."

"Naam."

"Nimewaambia habari ya mvua. Wakaniambia imeshanyesha asubuhi."

Elisha akasimama. Treni ikapita pale pale, ndefu, inateleza bila kelele za kutosha, na walilazimika kuisubiri ipite yote ndipo aongee. Nyuso zao zikawa zinapita kwenye madirisha na za abiria.

"Ya kwangu nilikuwa nayo mdomoni kabisa," akasema. "Yule injinia akanitazama hivi, ikapotea. Nikaanza kuzungusha mikono. Akaangalia mikono. Mama Loisi, nikafunga macho, nikafungua mdomo, yakatoka ya kwako."

"Si ungenyamaza!"

"Utanicheka nikikwambia. Nilikuwa naona. Wallahi si uongo..." Akajishika mdomo, maana yeye ni mtu wa kanisani. "Nilikuwepo. Nyasi zilinichoma shavu hili hapa. Nimeiota hiyo siku mara nyingi mpaka naijua harufu yake."

"Ulikuwa kitandani na malaria."

"Najua."

"Na ulijua mimi naingia baada yako."

Elisha akaokota kokoto, akalirusha relini. "Nikasema wewe unazo nyingi. Mimi ya kuelezeka ninayo hiyo moja."

"Hata hiyo moja si yako, Elisha."

Alimwita jina. Tangu Loisi azaliwe hakuwahi kumwita jina lake hivi hivi, kama mtu wa sokoni. Wakatembea. Zipora alikuwa na hasira, lakini ndani ya hasira kulikuwa na kitu kingine kinachomsumbua kama gazeti kwenye kiatu. Nani alimwambia sema kama mimi ninavyosema? Nani alimfundisha mahali pa kunyamaza?

Nyumbani Bibi Lea alikuwa mlangoni. "Haya kampuni, nani kaeleza vizuri?"

"Wote, mama," Zipora akasema, akaenda kuvua viatu.

*

Siku zikapita zile za Dodoma ambazo hazina mgongo, zinalala tu. Bibi Lea akaanza kuwatangazia majirani. "Mwanangu kaongea mpaka wazungu wangeelewa," alisema, na wazungu wenyewe hawakuwepo. Akaulizwa, na Zipora je? Akasema, "Mkwe naye kajitahidi." Zipora akawa anasikia akiwa ndani, anakunja nguo.

Usiku aliota kisima. Anaweka sikio, na badala ya mvua anasikia Elisha anaongea kule chini, maneno yamenyooka, mazuri, na yeye juu hana la kusema.

Ndipo simu ikaita. Ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda. Bibi Lea anachambua maharage kwenye ungo, Elisha anapaka grisi spana zake ambazo hazikuwa na kazi, Zipora anafua. Simu ilikuwa juu ya ndoo iliyofunikwa. Elisha ndiye aliyekuwa karibu. Akabonyeza, na sauti ikajaa uwanja mzima.

"Naitwa Anjelina, wa kule kwenye usaili. Naongea na nani?"

"Elisha Mazengo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Na Zipora Matonya yupo hapo?"

Zipora akatoa mikono kwenye povu. "Nipo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Ndivyo nilivyofikiri. Nimekuta namba moja kwenye barua mbili. Ni mke na mume?"

"Ndiyo," wakasema kwa pamoja, kama kanisani.

"Sasa nisikilizeni. Mmetutesa hapa. Kijana, ulieleza vizuri sana, lakini tulipokuuliza kitu cha pembeni, ukarudi mwanzo ukaanza upya kama redio. Na wewe binti, ulikuwa umeishika hadithi vizuri, ukaiachia. Nafasi ni moja. Injinia anamtaka aliyesikia ile mvua kule Bahi, na mimi pia. Ningeweza kupiga simu kijijini nikauliza, nisingeshindwa. Lakini huyu mtu nitampeleka vijijini peke yake, kazi nzima nitaijua kwa anachoniambia kwenye simu. Ndiyo maana nataka nianze kumsikia leo. Aliyedanganya, sisi na yeye basi, leo na kesho. Aliyeisikia mvua ni nani kati yenu?"

Bibi Lea akaacha kuchambua. Harage moja likabaki katikati ya vidole.

Povu lilikuwa linapasuka taratibu kwenye beseni, na Zipora alilisikia, amini usiamini, povu moja moja. Akafikiri haraka na polepole kwa wakati mmoja, kama ndotoni unavyokimbia. Kazi ikija kwa Elisha si imekuja nyumbani? Sufuria ni moja. Waya anazijua, mabomba angemfundisha jioni. Na yeye? Yeye angekuwa nani, mtu wa kukaa uani na kumuuliza mumewe ulisikia nini huko ulikokwenda? Akamtazama Elisha. Akasema moyoni, sema wewe. Sema wewe mwenyewe, baba Loisi, nisije nikasema mimi. Alikuwa anamwomba kwa macho, na Elisha alimwona, hilo Zipora analiapia mpaka leo. Alimwona.

Elisha akafumba macho. "Ni mimi, mama," akasema.

Na alilisema vizuri! Kwa upole, imara, kama mtu ambaye nyasi zimemchoma shavu. Ungekuwa humjui ungempa kazi pale pale.

"Zipora," sauti ikasema kutoka juu ya ndoo. "Ni kweli?"

Bibi Lea akatikisa kichwa. Kidogo tu. Hakuna aliyejua kama anasema usimwaibishe mwanangu ama anasema usikubali.

Zipora akainuka. Maji yalikuwa yanamtiririka kwenye viwiko. Akaenda mpaka kwenye ndoo, akapiga magoti, na ingawa sauti ilikuwa imejaa uwanja mzima, akainamisha kichwa akaweka sikio karibu na simu, kama alivyofanya siku ile. Hakusikia mvua. Alisikia mtu anapumua, anasubiri.

"Si kweli, mama," akasema.

Mama Anjelina hakupiga kelele wala hakumpongeza. "Njoo Jumatatu," akasema. "Uje na viatu vinavyokutosha." Simu ikakatika.

Elisha alifumbua macho kama mtu aliyeamshwa kabla ya wakati. Akatazama spana mikononi mwake, akazipanga kwenye gunia moja moja, akatoka akaelekea upande wa reli. Bibi Lea akarudi kwenye ungo. Alipofika nusu ya ungo akasema, bila kuinua uso, "Maharage haya yana mawe mno," na Zipora akaona kwamba analia.

*

Jumatatu Zipora aliamka, akajiandaa kimya kimya. Alipotoka nje, gunia la spana halikuwepo mahali pake. Lilikuwa begani kwa Elisha, amesimama mlangoni, hajanyoa.

"Nilisema nitabeba mpaka barabarani," akasema.

Wakatembea. Asubuhi ilikuwa ya rangi ya majivu, milima kule mbali kama imechorwa na mtu aliyechoka, na vumbi bado lilikuwa halijaamka. Kwa mbali ungedhani ni mtu na mkewe wanakwenda kibaruani kama siku zote. Gari la kampuni lilikuwa linasubiri. Elisha akalipakia gunia nyuma, akalisukuma mpaka likakaa vizuri, akapangusa mikono.

"Mama Loisi."

"Naam."

"Ukisikia mvua tena huko, usinisimulie."

Akageuka akarudi alikotoka, na vumbi likaamka, likasimama nyuma yake. Zipora akapanda gari. Dereva akamuuliza kama yuko tayari, ikabidi amuulize mara mbili.

Pale Ihumwa hadi leo watu hawajaelewana. Wengine wanasema mwanamke alimvua nguo mumewe mbele ya mama yake mzazi, kwa ajili ya kazi. Wengine wanasema kosa lake ni kuchelewa, angesema siku ile ile mezani, kabla mwanaume hajapata nafasi ya kudanganya mara ya pili. Nimewasikiliza wote, sina la kuongeza. Ila nakuuliza wewe uliyefika mpaka hapa: umepiga magoti mbele ya ndoo, povu liko mikononi, sauti iko juu, mkweo ameshika harage moja, mumeo amefumba macho, na mtu anakuuliza ni kweli? Wewe ungejibu nini?